Undugu wa Vitamini na Dawa za Kifua Kikuu

Katika mwaka 1912 yalitukia mambo mawili ambayo watu wa wakati ule hawakuyaona kuwa na uhusiano wowote, na ambayo hata leo aghalabu husimuliwa katika vitabu mbalimbali kana kwamba ni visa vya walimwengu wasiojuana. Mjini London, katika Taasisi ya Lister, mkemia mzaliwa wa Poland aliyeitwa Casimir Funk, ambaye alikuwa akikitafuta ndani ya pumba za mchele kitu kile kinachozuia maradhi ya beriberi, alitoa jina la vitamini kwa jamii nzima ya vitu vya namna hiyo. Mjini Prague, mwaka ule ule, Hans Meyer na mwanafunzi wake Josef Mally walitengeneza katika maabara ya chuo kikuu unga mweupe unaotokana na asidi ya isonikotini, wakaziandika sifa zake kama ilivyo ada ya wakemia, kisha wakauacha. Maana haja iliyokuwapo ilikuwa ni shahada ya mwanafunzi, wala hapakuwa na mtu aliyewauliza unga ule wafaa kwa kitu gani. Ulikaa miaka arubaini bila ya kazi. Ulipoulizwa hatimaye, ulidhihirika kuwa dawa kali kuliko zote zilizopata kutumiwa hadi siku hiyo juu ya kifua kikuu, na tena kuwa ni ndugu wa karibu wa mojawapo ya vitamini zile ambazo Funk alizipa jina.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu siku hizi, maadamu usugu wa bakteria umekuwa hofu ya hospitali zote, watu wengi huuliza kama vitamini haziwezi kuongezwa kando ya viuavijasumu ili zisaidie kuuvunja usugu huo. Na swali lenyewe huulizwa kama jambo jipya, ilhali taarikhi ya kifua kikuu imelijibu mara nyingi, kwa majibu yasiyolingana, na baadhi yao hayakutarajiwa na aliyeuliza wala aliyejibu.

Wazo la kumpa mgonjwa wa kifua kitu cha kumtia nguvu ili ashindane na maradhi yake ni la kale kuliko elimu ya bakteria. Kabla Robert Koch hajatangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, matabibu wa Hospitali ya Brompton, iliyoasisiwa London mwaka 1841 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua, walikuwa wakiwanywesha wagonjwa wao mafuta ya ini la samaki aitwaye kodi, na mwaka 1849 Charles Williams, mmoja wa matabibu mashuhuri wa zama hizo, aliyasifu mafuta hayo baada ya kuyajaribu kwa mamia ya watu. Mafuta ya ini la samaki hayakuwa kitu kigeni kwa watu wa pwani yetu, kwani mafundi wa majahazi walipaka sifa ya papa katika mbao za vyombo vyao, na aliyepata kuisikia harufu yake hana haja ya kuelezwa. Lakini sifa ile ilikuwa ni ya kumlinda mtepe na jahazi, na chupa za mafuta ya kodi walizonyweshwa watoto, huku wamebanwa pua, zilitoka Ulaya. Matabibu wa Brompton hawakujua ya kwamba ndani ya mafuta yale mna vitamini A na vitamini D. Walijua tu kwamba baadhi ya wagonjwa walinenepa na kukohoa kidogo, na kwamba wengine walikufa vile vile.

Jua nalo lilikuwa na zamu yake. Niels Finsen, tabibu wa Copenhagen, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kwa mwanga kifua kikuu cha ngozi, maradhi yanayokula uso hata mtu akawa haonekani hadharani. Na katika miaka ya vita vya pili vya dunia Charpy huko Ufaransa, na baada yake Dowling na mwenzake Prosser Thomas huko London, waliyatibu maradhi hayo hayo kwa vitamini D yenyewe, wakiitoa kwa vipimo vikubwa mno. Nyuso zilipona. Ila chokaa ya mwili ilizidi katika damu za wagonjwa wengine, wakapata madhara ya figo, na mara dawa mpya zilipofika njia hiyo iliachwa na kusahauliwa kwa haraka ambayo, kwa maoni yangu, haikuwa ya haki kabisa, kwa sababu ilikuwa ni mojawapo ya mara chache ambapo vitamini iliweza kuyashinda maradhi ya bakteria pasipo msaada wa dawa nyingine.

Kwa kuwa mara nyingine haikuweza. Mwaka 1928 Edward Mellanby na mwenzake Green, wakifanya kazi Sheffield, waliiita vitamini A mlinzi wa mwili dhidi ya maambukizo, baada ya kuwaona panya walioikosa wakijaa usaha. Na mara ikaanza kutolewa kwa wanawake wenye homa ya uzazi, ambayo siku hizo ilikuwa ikiwaondoa mama katika nyumba za matajiri na za maskini bila ya ubaguzi. Matumaini yalikuwa makubwa, matokeo madogo. Kisha, mwaka 1935, Gerhard Domagk wa Ujerumani akaitangaza Prontosil, rangi nyekundu ya viwandani iliyoua bakteria ndani ya mwili; mwaka 1936 Leonard Colebrook akaijaribu katika Hospitali ya Queen Charlotte, London, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua mbele ya macho yake. Baada ya hapo hapana aliyeitaja tena vitamini A katika wodi ile.

Lakini hapo ndipo kisa kinapogeuka, na mgeuko wenyewe nauona kuwa ndio kiini cha habari yote. Wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba rangi ile nyekundu huvunjika ndani ya mwili na kuacha kitu chepesi, sulfanilamidi, na kwamba hicho ndicho kiuacho. Mwaka 1940 Donald Woods aligundua kwamba ndani ya hamira mna kitu kinachoizuia sulfanilamidi isifanye kazi yake, akakitambua kitu hicho kuwa ni asidi ya paraaminobenzoiki. Bakteria huihitaji asidi hiyo ili kujitengenezea asidi ya foliki, ambayo kwetu sisi ni vitamini, nasi huipata katika mboga za majani na maini, ilhali wao hawawezi kuila, hujipikia wenyewe. Sulfanilamidi inafanana na asidi ile mno kwa umbo, ikaingia mahali pake kama ufunguo unaoingia katika kitasa lakini usiokizungusha. Basi mojawapo ya dawa za kwanza za kisasa dhidi ya bakteria ilikuwa ni vitamini ya uwongo. Na bakteria sugu wa kwanza, hao waliowatia hofu matabibu wa majeshi wakati wa vita, baadhi yao waliishinda kwa hila inayostahili heshima: walitengeneza asidi ile ya kweli kwa wingi hata ile ya uwongo ikazama ndani yake.

Kutokana na hayo msomaji atafahamu mara moja kwamba si kila vitamini ni rafiki wa kila dawa. Ushahidi ulio karibu nasi unatoka katika malaria, ambayo kijidudu chake si bakteria, lakini nacho hujipikia asidi ya foliki kwa njia ile ile. Kenya ilipoiacha klorokwini mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001, badala yake zilichagua SP, mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, ambazo zote mbili huikata kazi hiyo ya kupika foliki. Wanawake waja wazito, kwa upande wao, walikuwa wakipewa kliniki vidonge vya foliki vya miligramu 5 kwa ajili ya damu. Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha ya kuwa waliopewa kipimo hicho kikubwa pamoja na SP walishindwa na matibabu takriban mara mbili zaidi kuliko wenzao, na waliopewa miligramu 0.4 hawakudhurika. Tabibu na mkunga, kila mmoja kwa nia njema, walikuwa wanavutana kwa mkono wa mgonjwa mmoja.

Turudi kwenye kifua kikuu. Mwezi wa Oktoba 1943 kijana Albert Schatz, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, aliipata streptomisini kutokana na kiumbe kidogo cha udongoni; sifa na Tuzo ya Nobel ya 1952 zikamwendea mwalimu peke yake, na ugomvi wao una kitabu chake. Serikali ya Uingereza, isiyokuwa na fedha za kununua dawa ya kuwatosha wote baada ya vita, ilifanya jambo ambalo umaskini tu ndio uliolifanya liwe halali: iliwagawa wagonjwa kwa kura, 55 wakapata streptomisini na kupumzishwa kitandani, 52 wakapumzishwa tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili, na dunia ikashangilia. Lakini bakteria wa wagonjwa 41 waliotibiwa walipopimwa, wa wagonjwa 35 kati yao walikuwa wamekwisha kuwa sugu. Na baada ya miaka mitano hesabu ya waliokufa katika makundi yale mawili ilikaribiana, 32 na 35. Furaha ya miezi sita ilikuwa imelipwa kwa usugu. Ndipo ilipoletwa dawa ya pili, PAS, iliyobuniwa na Jörgen Lehmann wa Gothenburg, ikatolewa pamoja na ya kwanza, na jaribio lililotangazwa mwaka 1950 likathibitisha kanuni inayotawala mpaka leo, ya kwamba dawa mbili zikienda pamoja, bakteria anayeikimbia moja hunaswa na nyingine. Baada ya miaka zaidi ya sitini ilikuja kujulikana ya kuwa PAS nayo hujipenyeza katika mapishi yale yale ya foliki. Vitamini ya uwongo, kwa mara nyingine.

Dawa ya tatu ilianza na vitamini ya kweli. Asidi ya nikotini na amidi yake zilitambuliwa mwaka 1937, kwa kazi ya Conrad Elvehjem wa Wisconsin, kuwa ndizo kinga ya pelagra, ugonjwa wa watu ambao chakula chao ni mahindi na mahindi tena. Mwaka 1945 Vital Chorine aliripoti mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris kwamba nikotinamidi, vitamini hiyo hiyo, huzuia kifua kikuu katika wanyama wa maabara. Habari hiyo haikusikika mbali katika dunia iliyochoka kwa vita, lakini waliosikia walifanya jambo ambalo wakemia hulifanya kwa mazoea: waliigeuza vitamini hiyo kidogo upande huu na kidogo upande ule, wakitafuta jamaa yake mwenye ukali zaidi. Mwanzoni mwa 1952 makampuni matatu, Hoffmann-La Roche na Squibb upande wa Marekani na Bayer upande wa Ujerumani, yalijikuta kwa pamoja yameshika kitu kimoja, na kitu hicho hakingeweza kumilikiwa na yeyote kati yao, kwa sababu ndicho ule unga mweupe wa Meyer na Mally wa Prague. Waliuita isoniazidi. Katika Hospitali ya Sea View, Staten Island, wagonjwa ambao walikuwa wamekatiwa tamaa walipata hamu ya kula, wakainuka vitandani, na picha zao wakicheza ngoma wodini zikaenea magazetini. Unga ule haukuwa na hati ya mwenyewe, ulikuwa rahisi kutengeneza, na kwa hiyo ulikuwa dawa ya kwanza ya kifua kikuu iliyoweza kununuliwa na nchi zisizo na kitu.

Undugu, hata hivyo, una gharama zake. Haukupita muda mrefu ila wagonjwa waliotumia isoniazidi, hasa wale wenye lishe duni, walianza kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto usiku, kisha ganzi, kisha vidole visivyoshika kitu. Mwaka 1954 Biehl na Vilter, huko Cincinnati, walionyesha ya kuwa dawa hii hujifunga na vitamini B6, ile piridoksini, na kuitoa nje ya mwili kwa njia ya mkojo, hata mishipa ya fahamu ikabaki na njaa; na kwamba mgonjwa akipewa piridoksini mapema, ganzi haiji. Baadaye Kituo cha Madras nchini India, kilichoanza kazi mwaka 1956, kilieleza kwa nini wengine hupatwa na wengine huepuka: yako maini yanayoivunja isoniazidi upesi na yako yanayoivunja polepole, na wenye maini ya polepole, ambao ni takriban nusu ya watu wa Ulaya na wa Afrika, hubaki na dawa nyingi damuni na ndio hupatwa zaidi. Ilikuwapo hofu ya kwamba piridoksini ingemlinda bakteria kama inavyomlinda mgonjwa. Tajriba ikaonyesha ya kuwa kiasi kidogo, miligramu chache kwa siku, chatosha kuzuia ganzi na hakiidhuru nguvu ya dawa.

Hapa naomba kusimama kidogo, kwa sababu vitabu vingi huipita habari hii kwa sentensi moja, katika orodha ya madhara ya dawa, ilhali mimi naiona kuwa ndiyo mahali vitamini ilipofanya kazi yake kubwa kuliko zote dhidi ya usugu. Matibabu ya kifua kikuu katika miaka ya 1950 na 1960 yalikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Kikohozi hukoma katika wiki chache za mwanzo. Mgonjwa hurudi shambani, baharini au dukani, anajiona mzima, na vidonge havimpi faida yoyote anayoihisi. Mtu huyo akianza kuwaka nyayo usiku, atafanya nini? Ataacha, au, jambo lililo baya zaidi, atameza kimoja na kukitupa kimoja. Bakteria waliobaki mapafuni, ambao wachache wao kwa maumbile hawadhuriki na dawa moja au nyingine, hupata nafasi ya kuzaana, na ugonjwa unaporudi hurudi ukiwa sugu, kisha humpata mke, mtoto na jirani katika hali hiyo hiyo. Piridoksini haimgusi bakteria. Humfanya mgonjwa aweze kuivumilia dawa hadi mwisho, na katika maradhi haya mwisho ndio ushindi wenyewe.

Afrika ya Mashariki iliingia katika taarikhi hii kwa mlango wa fedha. PAS ilikuwa ghali, nzito tumboni, na mgonjwa alipaswa kuimeza kwa gramu nyingi kila siku. Kwa hiyo watafiti wa Kenya, Uganda na Tanganyika, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walijaribu badala yake thiasetazoni, dawa nyingine iliyotoka katika mikono ya Domagk, ya bei ndogo mno, wakaifunga pamoja na isoniazidi katika kidonge kimoja. Mchanganyiko huo uliwatibu watu wa nchi hizi kwa kizazi kizima, mpaka ulipokuja ukimwi na kuonekana Nairobi, katika utafiti wa mwaka 1991, kwamba wenye virusi hivyo hubabuka ngozi kwa thiasetazoni hata kufa.

Lakini sifa kubwa zaidi ya watafiti hao ni jaribio walilolianza mwaka 1970 na kulitangaza mwaka 1972, chini ya uongozi wa Wallace Fox na Denis Mitchison huko London, likiwajumuisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Waliuliza swali lililoonekana la ujasiri kupita kiasi: je, miezi 18 haiwezi kuwa sita? Kila mgonjwa alipewa streptomisini na isoniazidi, na makundi mengine yakaongezewa dawa ya tatu. Kati ya kila wagonjwa mia waliopona, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 29 pasipo dawa ya tatu, 22 kwa thiasetazoni, 8 kwa pirazinamidi, na 3 kwa rifampisini. Rifampisini ilikuwa mpya, imetoka Italia, na iliposifiwa hapana aliyeshangaa. Pirazinamidi ndiyo ya kustaajabiwa. Ilitambuliwa kuwa dawa ya kifua kikuu mwaka 1952, katika msako ule ule ulioanzia kwa nikotinamidi, ambayo inafanana nayo kwa umbo kama pacha; ikatolewa kwa vipimo vikubwa, ikayadhuru maini, ikawekwa kando. Wagonjwa wa Afrika ya Mashariki, kwa vipimo vidogo zaidi, ndio walioirudisha, na tangu hapo imekuwa nguzo ya matibabu mafupi duniani kote. Tanzania, iliyoanzisha mwaka 1977 mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuonyesha kwamba matibabu mafupi, yanayosimamiwa kwa makini, yaweza kuenezwa hata katika wilaya zisizo na barabara ya lami. Na Shirika la Afya Duniani, lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya ulimwengu, lilichukua mengi kutoka huko.

Maadamu isoniazidi na pirazinamidi zimezaliwa na vitamini ya pelagra, pelagra nayo haikukaa mbali. Mwili wa binadamu waweza kujitengenezea asidi ya nikotini kutokana na protini, lakini kwa sharti uwe na vitamini B6, ile ile ambayo isoniazidi huifukuza. Basi mtu anayekula mahindi matupu na kumeza isoniazidi hupungukiwa kwa pande mbili. Nchini Malawi, katika mwaka 2017, watu wenye virusi vya ukimwi waliokuwa wakimeza isoniazidi ili kujikinga na kifua kikuu walionekana wakibabuka shingo na mikono kwa pelagra. Walipewa nikotinamidi wakapona: vitamini ikamtibu mtu aliyedhuriwa na jamaa yake.

Na je, hao wanaotumaini kwamba vitamini itaua bakteria sugu kwa mkono wake wenyewe? Nisiwavunje moyo kabisa. Mwaka 2013 William Jacobs na wenzake katika Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, walikuwa wakichunguza namna bakteria wa kifua kikuu wanavyoizoea isoniazidi, wakaona ya kuwa vitamini C, ikiwekwa kwa wingi katika chupa ya maabara, huwaua bakteria wote, wale wa kawaida na wale sugu kwa dawa nyingi, kwa kuchochea kutoka katika chuma sumu zinazochoma uhai wao. Ni habari ya kuvutia sana, ila kiasi kilichotumika chupani ni kikubwa kuliko kile ambacho damu huweza kukifikia kwa machungwa au kwa vidonge, na wauza vitamini wa mijini, ambao huipenda habari hii, hulipita jambo hilo kimya. Vitamini D ilipimwa vizuri zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa California walieleza jinsi inavyozipa chembe za kinga za mwili silaha ya kumwua bakteria huyu, jambo ambalo lingewafurahisha Finsen na Charpy. Lakini London, mwaka 2011, wagonjwa 146 waligawanywa kwa kura, na vitamini D iliyoongezwa katika dawa zao haikuharakisha kusafika kwa makohozi yao, isipokuwa kwa wachache wenye urithi wa aina fulani.

Matokeo ninayoyapa uzito zaidi yalitoka Dar es Salaam. Chuo cha Muhimbili na wenzao wa Harvard waliwafuatilia wagonjwa 887 wa kifua kikuu, wote wakipata matibabu ya kawaida, nusu yao wakiongezewa vitamini A, za jamii ya B, C na E pamoja na seleniamu. Habari ilipotangazwa mwaka 2008, vifo kwa jumla havikuwa vimepungua kwa kiasi cha kutegemewa. Lakini waliorudiwa na ugonjwa walikuwa pungufu kwa asilimia 45, na waliopatwa na ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu walikuwa pungufu kwa asilimia 57. Mgonjwa anayerudiwa na kifua kikuu ndiye aliye karibu zaidi na usugu, na mgonjwa mwenye ganzi ndiye aliye karibu zaidi na kuacha dawa. Kwa hiyo hesabu hizo mbili, zinazotajwa mbalimbali katika taarifa ile, mimi nazisoma kuwa jambo moja.

Wanaotibiwa kwa usugu wenyewe hawakusahauliwa. Katika nchi yetu ya Tanzania matibabu ya kifua kikuu sugu yalianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, na miongoni mwa dawa za kifua kikuu sugu zinazotumika duniani mna sikloserini, ambayo huisumbua akili na mishipa ya fahamu hata haitolewi bila ya piridoksini nyingi, kuliko ile wanayopewa wa isoniazidi.

Piridoksini hiyo hiyo iliingia pia katika kinga: baina ya 2013 na 2015, katika vituo vya Kenya, vikiwamo vya Kilifi na Eldoret, na vya Uganda, Malawi na Zimbabwe, watu 1,805 waliokuwa wamechelewa mno kuanza dawa za ukimwi waliingizwa katika jaribio lililoitwa REALITY. Nusu yao walipewa kinga kamili zaidi, na kiini cha kinga hiyo kilikuwa ni kidonge kimoja kilichobeba kotrimoksazoli, isoniazidi na piridoksini. Baada ya wiki 24 waliokufa walikuwa asilimia 8.9 badala ya 12.2. Katika jaribio hilo hilo baadhi ya watu walipewa pia chakula cha nyongeza, chenye vitamini nyingi. Uzito wao ukaongezeka, vifo vyao havikupungua. Msomaji aliyefuata mpaka hapa atakitambua kidonge kile bila ya kuelezwa: dawa mbili zinazoikata foliki, zilizofungwa pamoja katika kotrimoksazoli, moja iliyozaliwa na vitamini ya pelagra, na vitamini yenyewe ya kulipa deni la ile ya tatu. Miligramu 960 ni za kotrimoksazoli, 300 ni za isoniazidi. Piridoksini ni miligramu 25, na hapana aliyeiweka humo kwa kutaraji kwamba itamwua bakteria hata mmoja.